Usimchane

Mjomba Bortolo aliniachia vitu vitatu:
deni la nyasi kavu kwa Gervaso wa kinu,
sufuria ya shaba ya kugandishia maziwa,
na mbwa jike, rangi ya ukungu, jina lake Nebia.
Aliniambia akiwa kitandani, bomba puani:
"Usimchane. Kitana kwake ni haramu.
Vidole, Delfina. Vidole na subira."

Nikadhani ni homa inayomsemesha.

Ukimwona kwa mbali, mteremkoni juu ya mto Brembo,
utasema jamvi kuukuu limeota miguu,
limechoka kukaliwa, limeamua kuhama.
Watalii hushusha kioo cha gari:
"Maskini, hana wa kumtunza?"
Nami nasimama palepale,
kucha zimejaa miiba niliyomng'oa asubuhi.

Alipotimiza mwaka
manyoya ya utoto yalianza kushikana,
ya laini, ya sufi, na singa kama za mbuzi,
aina tatu ngozi moja,
zikigombana kama ndugu juu ya shamba.
Siku tatu mjomba alikaa sakafuni jikoni
akiyapasua kwa mikono hadi kwenye ngozi,
mkanda baada ya mkanda, upana wa vidole viwili,
mimi nikimshikia taa
na kumlisha mbwa maganda ya jibini.
"Hufanywa mara moja tu maishani," alisema.
"Ukizembea, utafuga zulia."

Tangu hapo mikanda ile haikukoma kurefuka.
Sasa inafagia ardhi.
Hubeba mbigili, hubeba theluji iliyoganda kama shanga,
na siku moja ilibeba kijiko cha chai
nilichokitafuta tangu Pasaka.
Akilowa, hakauki leo wala kesho,
na nyumba nzima hunuka kondoo.
Gervaso alikuja kudai deni lake,
akadai kwanza dirisha lifunguliwe.

Kisha akaja bwana mmoja wa mjini, daftari kwapani,
anahesabu waliobaki wa aina yake.
Alimpima mgongo, alimchungulia meno,
akanyanyua pazia la usoni,
akayakuta macho ya kahawia
yaliyofichwa weupe wa theluji usiyaunguze.
"Atazaa?"
"Ana miaka tisa."
Akaandika. Sikuona alichoandika.
Kalamu haikwenda mbali.

Majani yalipopukutika nikapapasa uvimbe ubavuni,
mgumu, kama kokwa ya pichi.
Daktari Tullia akawasha mashine ya kunyolea.
Nikamwambia: zima. Nipe mkasi.
Upande wote wa kushoto niliukata mwenyewe,
mkanda baada ya mkanda,
Nebia amelala, ulimi nje, hajui.
Na hapo ndipo nilipojua mimi:
unyoya hukulia shinani,
kwa hiyo shina ni la mwezi uliopita,
katikati ni majira ya mvua ya mawe iliyoua mbuzi wawili,
na ncha, zile ngumu zilizochakaa,
zilipita mikononi mwa mjomba.

Sikuzitupa. Msiniulize ziko wapi.

Amerudi nyumbani nusu mbwa, nusu kondoo aliyenyolewa,
ngozi ya waridi, mshono wa nyuzi kumi na tisa.
Nimemkatia mkono wa sweta la Bortolo.
Anatembea nalo kwa aibu,
lakini jioni kazi ni kazi:
anaingiza mbuzi kumi na mmoja,
ananiingiza mimi, kwa kunisukuma paja na pua
(kuku hawahesabu, hajawahi kuwahesabu),
halafu anasimama kizingitini,
anaitazama barabara,
kana kwamba hesabu haijatimia.
Simwiti. Huingia mwenyewe akitaka.

Leo nimempapasa ule ubavu.
Unyoya mpya umetoka, nusu ya ukucha,
laini, na tayari umeanza kugombana.
Mara moja tu maishani, mjomba?
Nimewasha taa.
Hakuna wa kunishikia.
Nimeiweka juu ya kigoda,
nimekaa sakafuni,
na Nebia, bila kuitwa,
amenilalia magotini upande wa kulia,
wa kushoto ukiwa juu.